Redio ya Vali Moja ya Mita 40: Tatizo si Vali, ni Mrejesho

Swali: "Shikamoo fundi. Nimejenga redio ya mrejesho ya vali moja, ECC82 niliyoitoa kwenye amplifaya mbovu ya gitaa. Mchoro niliofuata unataka volti 250, nimezipata kwa transfoma ya redio ya zamani ya mbao. Matangazo ya nje nayapata, tena kwa nguvu. Ila nikizungusha nobu ya mrejesho, ghafla inalipuka 'pu!' na kupiga mluzi, na haitulii mpaka niirudishe nyuma sana. Watu wa redio ya ridhaa kwenye mita 40 nawasikia wakikoroma tu, sielewi neno. Nikisogeza mkono, sauti inakimbia. Je, nitafute vali yenye nguvu zaidi?"

Marahaba, mdogo wangu. Vali uliyonayo, ile taa ya kioo inayokuza mawimbi, inatosha kabisa, iache hapo hapo. Novemba 1923, Fred Schnell na John Reinartz wakiwa Marekani na Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, waliongea kwa Morse ng'ambo hadi ng'ambo ya Atlantiki, mawasiliano ya kwanza ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaorusha kwa kupenda tu, ya kwenda na kurudi kuvuka bahari ile. Vali za kupokelea za zama zao zilikuwa dhaifu kuliko hiyo yako, na majina ya Schnell na Reinartz hadi leo yamebaki kwenye michoro miwili ya redio za mrejesho. Tatizo lako ni kwamba mrejesho ni mwingi mno na unakuja kwa kishindo. Ukiutuliza, mengine mengi uliyoyalalamikia yatapona pamoja nao.

Kwanza elewa kinachotokea ndani. Koili na kapasita yake ni kama mtungi unaovuja. Antena inatia maji tone kwa tone, mtungi unavujisha, kinachobaki ni kidogo. Koili nzuri ya kusuka kwa mkono ina ubora wa karibu 150, maana yake kwenye kilohezi 7,000, ndiyo mita 40 yako, inapokea upana wa kilohezi 47 hivi, stesheni kibao kwa mkupuo mmoja. Vali inachukua mawimbi iliyoyakuza na kuyarudisha kwenye koili, kila wimbi kwa wakati wake, ili kujaza kile kinachovuja. Ukijaza sehemu tisa kati ya kumi za kinachovuja, ubora unapanda mara kumi, upana unashuka hadi kilohezi 5 hivi, na stesheni iliyokuwa imezama inaibuka. Ukijaza zote kumi, mtungi hauhitaji antena tena: vali inaanza kuimba, yaani inazalisha mawimbi yake yenyewe.

Edwin Howard Armstrong aliliona jambo hili mwaka 1912 akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na akapata hataza mwaka 1914. Lee de Forest, ambaye ndiye aliyetia gridi kwenye vali, kile kiwavu kinachodhibiti umeme ndani yake, alidai ugunduzi ni wake, kesi ikadumu miaka, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa de Forest ushindi. Armstrong akataka kurudisha nishani ambayo chama cha wahandisi wa redio kilikuwa kimempa. Wahandisi wakakataa kuipokea. Mimi niko upande wa wale wahandisi. Wao walikuwa wanazungusha nobu hizi kila siku, walijua nani aliyeelewa kinachotokea pale kabla vali haijaimba.

Maana redio hii yote inaishi pale, kati ya sehemu tisa na sehemu kumi. Nobu yako ya mrejesho inatakiwa kupapita taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa miguu. Yako inaruka. Koili ya mrejesho ikiwa na mizunguko mingi au ikiwa karibu mno na koili kuu, na volti za anodi (bamba la vali linalopewa volti za juu) zikiwa nyingi, vali ikishaanza kuimba hujikuta na nguvu ya kuendelea kuimba hata ukipunguza. Ndiyo maana unairudisha nyuma sana kabla haijanyamaza. Pale katikati ulipopahitaji, umepavuka bila kupaona.

Kwa hiyo cha kwanza, achana na zile volti 250. Nasema hivi kwa sababu mbili. Moja ni uhai wako: hedifoni iliyofungwa moja kwa moja kwenye anodi inaleta volti hizo hadi masikioni, na kapasita kubwa za kuchujia zinashika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Nyingine ni kwamba huzihitaji. Nunua betri tano za volti 9, zile za mraba, uziunganishe mfululizo upate volti 45. Kwa volti hizo ECC82 inafanya kazi ya mrejesho vizuri mno, inakula miliampea chache tu, na seti moja ya betri itakukaa wiki nyingi. Kama baada ya marekebisho yote vali haitaki kuimba hata kidogo, ongeza betri ya sita.

Hita ya vali, waya unaoipasha moto, inataka volti 12.6 na miliampea 150 ukiingiza umeme kwenye mguu wa 4 na wa 5. Betri ya bodaboda inatosha. Ya ampea-saa 5 itakupa jioni kadhaa kabla ya kuichaji tena, na sola ndogo itaichaji mchana. Faida kubwa hapa ni ukimya. Redio ya mrejesho inayokula umeme wa ukutani ina mvumo unaojitokeza hasa pale mrejesho unapokaribia kilele, na kuuondoa ni kazi ya kukuzeesha. Betri haina mvumo.

Na kuhusu ile redio ya mbao, angalia vali zake kabla hujaendelea kuichokonoa. Zikianza na herufi E, kama ECH81, hita zake ni za volti 6.3 na kwa kawaida kuna transfoma. Zikianza na U, kama UCH81 au UL84, hita zimefungwa mfululizo, mara nyingi hakuna transfoma inayozitenga na ukuta, na chasi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa TANESCO. Chasi ya namna hiyo usiiguse ikiwa na umeme.

Sasa koili, na hapa nitakawia kidogo. Tafuta kipande cha bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha milimita 32, urefu wa sentimita 8 hivi. Waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.8 utaupata kwa wanaosuka mota, wanakupimia kwa gramu. Toboa tundu dogo kwenye bomba, pitisha ncha ya waya, uifunge. Ncha ya pili ifunge kwenye komeo la mlango, rudi nyuma mpaka waya ukazike, kisha anza kuuelekea mlango huku ukilizungusha bomba mkononi. Waya unajilaza wenyewe, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, bila mwanya na bila kulegea. Mizunguko 11. Hiyo inakupa maikrohenri 5 na ushee, ambazo kwa kapasita ya pikofaradi 100 zinaangukia karibu na megahezi 7.

Acha nafasi ya milimita 4 chini ya koili hiyo, kisha sukia koili ya mrejesho kwa waya mwembamba zaidi, uelekeo uleule. Mizunguko mitatu. Usianze na minane kama nilivyofanya mimi kwenye redio yangu ya kwanza. Nilikaa miezi miwili na ile 'pu!' yako, nikibadilisha vali, nikibadilisha rezista, nikilaumu antena, mpaka siku niliyopunguza mizunguko mitano na redio ikatulia jioni ileile. Ukimaliza, paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya waya ili usicheze. Koili ikae mbali na bati la chasi, angalau upana wa bomba lenyewe.

Ncha mbili za nje kabisa, ile ya juu ya koili kuu na ile ya chini ya koili ya mrejesho, ndizo zinazokwenda kwenye vali: ya juu kwenda gridi, ya chini kwenda anodi. Ncha ya ndani ya koili kuu inakwenda kwenye chasi. Ncha ya ndani ya koili ya mrejesho inakwenda kwenye kapasita ya kuzungusha ya pikofaradi 140 hivi, na upande wa pili wa kapasita hiyo unakwenda kwenye chasi. Kapasita hiyo ndiyo bomba la maji la mrejesho: ukiifungua, mawimbi mengi yanapita kwenye koili. Kama vali haiimbi kabisa, badilishana ncha mbili za koili ya mrejesho kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Soketi ihesabu kutoka chini, kuanzia kwenye pengo, kwa mwendo wa saa. Ncha ya gridi inapita kwanza kwenye kapasita ya pikofaradi 100 kabla ya kufika mguu wa 2, na kutoka mguu wa 2 kuna rezista ya megaomu 2.2 kwenda kwenye chasi. Mguu wa 3, kathodi, unakwenda kwenye chasi moja kwa moja. Mguu wa 1, anodi, unakwenda kwenye koili ya mrejesho, na pia kwenye choki (koili ya kuzuia mawimbi ya redio) ya milihenri 1 hadi 2.5. Baada ya choki, rezista ya kiloomu 47, na baada ya rezista, mguu wa kati wa volyumu (rezista ya kuzungusha) ya kiloomu 50 ambayo ncha zake nyingine mbili ziko kwenye volti 45 na kwenye chasi. Kati ya mguu wa kati wa volyumu na chasi weka kapasita ya maikrofaradi 10 ya volti 63. Inaua mkwaruzo ukizungusha.

Volyumu hiyo ndiyo dawa ninayotaka uijaribu kabla ya zote. Kapasita ya pikofaradi 140 unaiweka mara moja, kwa kukadiria, mpaka vali iwe karibu kuimba. Baada ya hapo mkono wako unabaki kwenye volyumu. Inabadilisha volti za anodi kidogo kidogo, na kwa kuwa inabeba umeme wa betri tu, unaweza kuiweka mbali na koili mahali mkono wako unapokaa vizuri.

Sehemu ya pili ya vali ni ya kukuza sauti, haina ugomvi. Kutoka pale choki inapokutana na rezista ya kiloomu 47, kapasita ya nanofaradi 10 inapeleka sauti mguu wa 7. Megaomu nusu kutoka hapo kwenda kwenye chasi. Mguu wa 8 una kiloomu 1 na maikrofaradi 10 sambamba kwenda kwenye chasi. Mguu wa 6 unakwenda kwenye volti 45 kupitia upande wa volti 230 wa transfoma ndogo ya 230 kwa 12, na hedifoni ya simu inakaa upande wa volti 12, vipaza vyake viwili vikiwa mfululizo. Kwa namna hiyo hakuna volti za anodi zinazofika kichwani mwako.

Watu wa redio ya ridhaa wamepotea kwako kwa sababu nyingine pia. Huku kwetu tuna mita 40 kuanzia megahezi 7.0 hadi 7.2 tu, na hapo hapo juu yake, 7.2 hadi 7.45, kuna redio za matangazo zenye mitambo mikubwa. Ukitumia kapasita ya kawaida ya redio, eneo lote la ridhaa linakaa ndani ya unywele mmoja wa nobu. Chukua ile kapasita ya plastiki ya kutafutia stesheni kutoka redio ndogo ya betri iliyokufa. Ina pande mbili, moja karibu pikofaradi 140 na nyingine karibu 60. Ya 60 iunganishe kupitia kapasita ya pikofaradi 22 hadi juu ya koili, mguu wake wa katikati uende kwenye chasi. Kisha sambamba na koili weka pikofaradi 68 za kudumu, ziwe za maika au za kauri aina ya NP0 ambazo hazihami kwa joto, pamoja na trima, kapasita ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi. Ukirekebisha trima, nobu nzima inatembea kutoka 7.0 hadi karibu 7.4, na ridhaa inapata takriban nusu yake. Redio ya pili iliyokufa itakupa ile ya 140 ya mrejesho.

Kujua uko wapi, washa redio ya mkononi yenye namba za kioo, iweke kwenye 7.100, kaa nayo meza moja. Yako ikiwa inaimba, zungusha nobu polepole. Kuna mahali redio ya mkononi itaacha kukwaruza na kunyamaza ghafla, kama mtu aliyeshika pumzi. Hapo vali yako iko kwenye 7.100. Weka alama kwa penseli, sogea 7.050, rudia.

Sasa kaa usikilize. Zima mrejesho wote, kisha upandishe kwa volyumu. Kwanza kimya, halafu mvumo mwepesi wa shiii unakua, unakua, halafu kuna 'tup' laini, karibu usiisikie, na mvumo unabadilika kidogo. Hapo vali imeanza kuimba. Rudisha kidogo tu, ukimya uleule unarudi mahali palepale. Ukipata hivyo, redio yako imepona. Ukipata bado 'pu!', toa mzunguko mmoja wa mrejesho, au sogeza koili hiyo milimita mbili zaidi, au punguza betri moja. Fanya kimoja kimoja.

Matangazo ya kawaida yasikilize chini kidogo ya ile 'tup'. Morse isikilize juu kidogo yake. Mawimbi ya vali yako yanagongana na ya mtumaji na kukutolea mlio. Sauti za ridhaa ni za SSB, utumaji wa upande mmoja wa wimbi: mtumaji ameondoa wimbi lake la kati, na bila hilo unasikia mkoromo ule uliouelezea. Vali yako ndiyo inayopaswa kulirudisha. Kwa hiyo pita 'tup', endelea mbele kidogo kuliko kwa Morse, kisha zungusha nobu ya stesheni kwa upole wa kugusa tu. Mkoromo utakuwa mzito, utapanda kama sauti ya bata, halafu kwa ghafla ni mtu anaongea.

Kama neno linakuja na kupotea kila mtumaji anapopaza sauti, antena imeshikana na koili mno, mtumaji anaivuta vali yako. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa wengi, kudhani antena ikibana zaidi ndiyo redio inasikia zaidi. Chukua nyaya mbili zenye ngozi ya plastiki, zisokote pamoja sentimita 3 bila kugusana shaba, moja iende antena, nyingine juu ya koili. Pikofaradi chache hizo zinatosha kwa waya wa mita 15 uliotundikwa mwembeni. Zitaondoa pia yale maeneo ya nobu ambapo vali inagoma kuimba, na ule mtetereko wa sauti upepo unapotikisa antena. Mawingu ya radi yakionekana, chomoa antena na uiache nje.

Mkono wako unakimbiza sauti kwa sababu mwili wako ni sehemu ya kapasita. Weka bati la alumini mbele ya redio, liunganishe na chasi, na chasi uiunganishe na chuma kilichochimbiwa ardhini. Hakikisha upande wa kapasita unaoguswa na nobu ni ule wa chasi, si ule wa koili. Nyaya za gridi ziwe fupi na ngumu, zisizotikisika ukigonga meza.

Jambo moja zaidi, na hili ni la uungwana. Vali inayoimba ikiwa na antena inarusha mawimbi, madogo lakini yanafika kwa jirani. Uingereza ya miaka ya 1920 mitaa mizima ilikuwa ikisikia miluzi ya redio za wenzao. Ile antena ya kusokotwa inapunguza sana, na redio hii ikishakutulia, ongeza vali ya pili mbele yake yenye gridi iliyofungwa kwenye chasi. Hiyo haiongezi usikivu sana, ila inakaa kama mlango kati ya koili na antena.

Fanya kwanza betri, mizunguko mitatu na volyumu. Kisha pima volti za mguu wa 1 huku vali ikiwa karibu kuimba. Kama bado haijatulia, niandikie namba uliyoipata na umesuka mizunguko mingapi, tuendelee kuanzia hapo.